Mwili Juu ya Sanda: Stara na Ukatili katika Uchoraji wa Michael Armitage

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mchoraji Michael Armitage anavyousawiri mwili wa binadamu katika matukio ya ukatili, hasa yale yaliyotokea nchini Kenya kati ya mwaka 2014 na 2020. Uhakiki unaongozwa na dhana ya stara kama inavyoeleweka miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili, na unatilia mkazo lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Buganda ambayo mchoraji huitumia badala ya turubai. Inadaiwa kwamba picha zake zenye nguvu zaidi ni zile zinazomnyima mtazamaji nafasi ya kujitenga na tendo. Na pale ambapo uzuri wa rangi na marejeo ya wachoraji wa Ulaya vinatawala, mwili ulioumizwa huelekea kugeuka pambo. Suala la mahali picha hizo zinapokaa, na nani huziona, linajadiliwa kwa manufaa ya watunga sera za utamaduni.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa kawaida wa magazeti ya Kiswahili anaifahamu fika habari ya mtu aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali". Habari hiyo ina marehemu lakini haina muuaji. Marehemu hutajiwa umri wake, kijiji chake na kitu anachodaiwa kuiba. Waliomuua hupewa hasira tu, na hasira hiyo hutolewa kana kwamba ni maelezo ya kutosha. Msemo huo umezoeleka kiasi kwamba huandikwa bila kusikika. Wanaisimu wanaweza kuujadili kama mfano wa kufichwa kwa mtenda. Wahakiki wa sanaa nao wana sababu ya kuutazama, kwa maana mchoraji anayetaka kulichora tukio la namna hiyo hana budi kuamua jambo ambalo mwandishi wa habari amelikwepa: umati una nyuso au hauna? Na anayetazama amesimama wapi?

Michael Armitage ni miongoni mwa wachoraji wa Afrika Mashariki walioyabeba maswali hayo kwa muda mrefu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake akiwa Mkikuyu na baba yake Mwingereza. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade jijini London, kisha katika shule za Royal Academy alikohitimu mwaka 2010, na kwa miaka mingi amefanya kazi kati ya London na Nairobi. Picha zake ni za rangi za mafuta, nyingi zikiwa kubwa kuliko kimo cha mtu, na karibu zote zina watu: wanaokimbia, wanaocheza ngoma, waliolala chini, waliopanda juu ya miti kumsikiliza mwanasiasa.

Uhakiki mwingi wa kazi zake umeandikwa kwa Kiingereza na hutumia zaidi vipimo vya historia ya sanaa ya Ulaya. Titian, Velázquez, Goya na Gauguin hutajwa karibu katika kila katalogi. Vipimo hivyo ni halali, maana mchoraji mwenyewe anavialika. Hata hivyo, vinaacha pembeni swali ambalo mtazamaji wa Mombasa, Tanga au Bujumbura angelianza nalo, nalo ni la adabu: mtu aliyevuliwa nguo hadharani, kupigwa au kuchomwa moto, kwa nini aoneshwe tena? Swali hilo halifai kudharauliwa kana kwamba ni woga wa wasiozoea sanaa. Ndani yake mna nadharia nzima ya kutazama, na jina lake ni stara.

2.0 Nguo ya gome

Kabla ya kuijadili picha yoyote ni lazima kuitazama nguo iliyo chini ya rangi. Lubugo hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa mutuba, jamii ya mkuyu. Katika Buganda kazi hiyo ni ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, wakiongozwa na mkuu aitwaye kaboggoza. Gome huchunwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za miti za aina mbalimbali, kazi ya kuchosha inayofanyika chini ya kibanda kilicho wazi ili gome lisikauke upesi. Linapoiva huwa jepesi na laini, lenye rangi ya udongo uliochomwa. Shina la mti hufungwa kwa majani ya mgomba ili lipone, nalo huota gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa utamaduni usioshikika.

Matumizi ya nguo hiyo ni mengi. Ilivaliwa wakati wa kutawazwa wafalme na katika shughuli za uganga, ilitumika kama matandiko na mapazia, na ilitumika, na hata sasa hutumika, kuzikia. Kwa maneno mengine ni sanda. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilileta nguo za pamba bara, na pamba ikaisukuma lubugo nje ya matumizi ya kila siku hadi ikabaki zaidi kwenye mazishi na sherehe. Yafaa ikumbukwe kwamba turubai ya mchoraji nayo mara nyingi ni pamba. Katika studio ya Armitage, basi, kitu kilichoshindwa na merikani karne moja na nusu iliyopita kimechukua mahali pa merikani.

Armitage aliikuta lubugo Nairobi, katika soko la vinyago na zawadi za watalii, ambako ilikuwa imekatwa vipande vidogo vya kupamba meza. Asili hiyo ya aibu kidogo, nguo ya wafalme na wafu iliyogeuzwa kitu cha kuwekea glasi, inaeleza mengi kuhusu hali ya sanaa za asili katika miji yetu. Haikuwa chaguo la mtu anayetafuta usafi wa mila. Ilikuwa biashara kwanza.

Nguo hiyo haimtii mchoraji. Ina matundu palipokuwa na matawi, ina makunyanzi, ina unene usio sawa, na ili ifikie ukubwa unaotakiwa lazima vipande vishonwe pamoja. Armitage haifichi mishono wala hayazibi matundu yote. Huachilia mkono wa rangi ukatike unapofika kwenye tundu, na mara nyingine umbo la mtu hupangwa kulizunguka. Matokeo yake ni kwamba kila mwili anaouchora una kovu ambalo halikuchorwa. Wahakiki wengine wameiona lubugo kama alama ya utambulisho, namna ya kusema "hii ni Afrika". Ufafanuzi huo ni mwepesi mno. Uzito wa lubugo uko katika kazi iliyofanyika juu yake: imechunwa, imepondwa, imeshonwa. Mti umepatwa na mambo ambayo picha itayaonesha yakiwapata watu, na tofauti ni kwamba mti umefungwa majani ya mgomba upone.

Picha ya mwaka 2017 iitwayo The Flaying of Marsyas inaliweka jambo hilo wazi. Jina na chanzo chake ni picha ya uzeeni ya Titian kuhusu Marsyas, mpiga filimbi wa hekaya za Wayunani aliyechunwa ngozi akiwa hai kwa kuthubutu kushindana na mungu Apollo. Titian alimning'iniza Marsyas kichwa chini, mtini. Kuichora hekaya ya kuchunwa ngozi juu ya gome lililochunwa ni kukutanisha mada na nyenzo kwa ukaribu ambao Titian mwenyewe hakuwa nao. Pengine ni ukaribu uliozidi. Mtu anayejua lubugo hutengenezwaje anaweza kuhisi kwamba picha inamweleza mara mbili.

3.0 #mydressmychoice na mipaka ya stara

Mwezi Novemba 2014, katika kituo cha matatu katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo likidai kwamba amevaa vibaya. Tukio lilirekodiwa kwa simu na video ikasambazwa. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana mjini wakidai haki ya kuvaa wanavyotaka bila kudhuriwa, na kaulimbiu yao mtandaoni ndiyo iliyokuwa jina la picha aliyoichora Armitage mwaka 2015: #mydressmychoice.

Katika picha hiyo mwanamke yuko uchi, amelala. Mkao wake unaukumbusha ule wa Venus katika picha ya Velázquez iliyochorwa katikati ya karne ya 17 na ambayo leo iko National Gallery, London. Upande wa juu imeonekana miguu ya wanaume, suruali na viatu, basi. Nyuso zao zimekatwa na ukingo wa picha.

Hapa ndipo fasiri huanza kugawanyika. Kuna wanaosema mchoraji amemrudishia mwanamke utukufu aliopokonywa kwa kumpa mkao wa mungu wa kike. Fasiri hiyo inavutia lakini haikamiliki, kwa kuwa Venus wa Velázquez hakuwa huru na macho ya wanaume. Alichorwa kwa ajili ya macho hayo. Tena picha hiyo ina historia yake ya majeraha. Tarehe 10 Machi 1914 Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura Uingereza, aliingia National Gallery na kuikatakata kwa shoka dogo la nyama, akipinga kukamatwa kwa kiongozi wao Emmeline Pankhurst. Nyufa zilizibwa na picha ikarudishwa ukutani. Kwa hiyo mwili uleule uliotumiwa kama kiolezo cha uzuri uliwahi kuwa uwanja wa vita kuhusu haki ya wanawake, miaka 100 kamili kabla ya maandamano ya Nairobi. Haijalishi sana kama Armitage alikusudia kumwita Richardson pamoja na Velázquez. Atakayeijua historia hiyo hataweza tena kuona urithi wa Ulaya katika picha hii kama kimbilio la amani.

Uamuzi mzito zaidi ni ule wa kukata nyuso. Kwa mtazamo wa haraka mchoraji amefanya kosa lilelile la gazeti: ametuachia viatu kama gazeti linavyotuachia hasira. Lakini picha ina kitu ambacho sentensi haina, yaani upande wa pili. Wanaume wamesimama kwenye ukingo wa juu. Duara la umati haliwezi kuwa nusu. Lazima liwe limeendelea hadi mbele ya picha, mahali ambapo mtazamaji ameweka miguu yake mwenyewe. Jumba la sanaa linamkamilisha kama mmoja wa waliozunguka. Hakuna nafasi nyingine iliyobaki ya kusimama.

Ni hapa ambapo dhana ya stara inasaidia kuliko Velázquez. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili stara huhusishwa upesi na mavazi, tena ya mwanamke, na kwa hakika wapo waliojibu maandamano ya 2014 kwa kusema kwamba uchi si chaguo. Waliomvua yule mwanamke nao walijiona walinzi wa stara. Upotofu wa matumizi hayo unadhihirika mtu anapokumbuka kwamba kitenzi kusitiri kinamhitaji mtendewa: mtu humsitiri mwenzake. Methali isemayo aibu ya maiti aijuaye ni mwosha inatoka katika desturi inayompa mwosha ruhusa ya kuuona mwili na papo hapo kumfunga mdomo. Wajibu uko kwa anayeona. Ukiichukua stara kwa maana hiyo pana, aliyevunja stara kituoni ni umati, na baada ya umati ni kila aliyeisambaza video.

Je, mchoraji naye? Swali hili haliwezi kukwepwa kwa kutaja uhuru wa msanii. Armitage ameuona mwili kupitia video, naye ameuonesha tena. Upande wake lazima itajwe kwamba hakumchora mwanamke yule. Sura na umbo vimetoka katika historia ya uchoraji na katika mawazo yake, na mwathiriwa halisi hatambuliki. Picha imeubadilisha mwili wa mtu mmoja kuwa mwili usiomilikiwa na mtu yeyote, kisha ikaulaza juu ya nguo ya mazishi. Hiyo ni stara ya aina yake. Lakini ni stara isiyo kamili, kwa kuwa mwanamke amebaki uchi huku wanaume wakiwa wamevaa, na hakuna mtazamaji atakayeikumbuka picha kwa sababu ya viatu. Uhakiki huu hauoni njia ya kuiondoa dosari hiyo bila kuiondoa picha yenyewe.

Watunga sera wanaweza kuisoma picha hii sambamba na sheria iliyofuata. Mwezi Desemba 2014 Kenya ilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, ambayo iliingiza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu: anayemvua mtu nguo kwa nguvu kwa kusudi la kumdhalilisha anastahili kifungo kisichopungua miaka 10. Ulinzi wa mwili wa mwanamke uliingia kwa mlango wa usalama wa taifa, ndani ya sheria ileile iliyopanua mamlaka ya dola juu ya miili ya raia kwa ujumla, na ambayo Mahakama Kuu ilifuta vifungu vyake vinane Februari 2015. Miguu iliyo juu ya picha ya Armitage inaweza kuwa ya manamba wa matatu. Katika picha zake za baadaye miguu hiyo huvaa buti.

4.0 Tairi

Necklacing, ya mwaka 2016, ina mtu aliye uchi na tairi. Chimbuko lake ni tukio ambalo mchoraji alilishuhudia Nairobi akiwa mtoto. Jina la Kiingereza linatokana na adhabu iliyopata umaarufu wa kutisha Afrika Kusini katika miaka ya 1980, na Kiswahili hakina nomino moja inayolingana nalo. Tunasema alivishwa tairi, akachomwa. Kitenzi kuvisha, ambacho kwa kawaida ni cha upendo (tunamvisha mtoto nguo, bibi harusi pete), kinageuzwa hapa kwa namna ambayo pengine ni sahihi kuliko jina la Kiingereza. Aliyevuliwa nguo anavishwa.

Inatosha kusema kwamba picha hii haina nguvu ya ile ya mwaka 2015. Mtu wa katikati amekuwa kiumbe wa ndoto, karibu kichekesho, na mtazamaji hupewa nafasi ya kushangaa umbo lake la ajabu badala ya kujiuliza nani aliyelileta tairi.

5.0 Siasa kama kanivali

Mwaka 2017 Armitage alifuatana na wanahabari katika mkutano wa upinzani uliofanyika Uhuru Park, Nairobi. Kutokana na siku hiyo alitengeneza mfululizo wa picha, ambazo sehemu yake zilioneshwa Venice mwaka 2019 katika maonesho makubwa ya kimataifa ya jiji hilo. Uchaguzi wa mwaka 2017 unakumbukwa kwa mambo mengi: kura ya tarehe 8 Agosti, hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 1 Septemba iliyobatilisha matokeo ya urais, marudio ya tarehe 26 Oktoba yaliyosusiwa na upinzani. Unakumbukwa pia kwa makumi ya watu waliouawa, wengi kwa risasi za polisi, katika mitaa ya Nairobi na miji ya magharibi mwa Kenya.

The Fourth Estate, iliyochorwa mwaka huohuo, ndiyo bora katika kundi hili. Jina lake kwa kawaida ni la vyombo vya habari, mhimili wa nne. Kinachoonekana ni watu waliopanda mti ili waone jukwaa. Chanzo cha umbo lake ni mchoro wa Goya katika mfululizo wa Disparates, ambamo watu wameketi juu ya tawi. Goya alikuwa akichora upuuzi. Armitage amechora jambo ambalo kila aliyehudhuria mkutano wa siasa Jangwani, Kisumu au Kampala amewahi kuliona, kwamba asiye na kiti hupanda mti. Watu wa gome wameketi juu ya mti. Kwa mara moja nyenzo na mada vimekutana bila kumsukuma mtazamaji. Miili yao imejaa subira na hatari, kwa kuwa matawi huvunjika, na hakuna anayewatazama wao. Wote wanatazama kitu kilicho nje ya picha. Mhimili wa nne uko mtini, na wale wenye kamera wako kwingine.

Picha nyingine za mfululizo huu zinaleta mashaka. The Promised Land na Pathos and the Twilight of the Idle, zote za mwaka 2019, zinauona umati wa upinzani kama kanivali: mavazi ya ajabu, miili iliyopinda, moshi wa mabomu ya machozi ukiwa na rangi za machweo. Ni kweli kwamba mikutano ya siasa nchini Kenya ina vituko vyake, na wafuasi hujipaka rangi na kuvaa maganda ya mahindi. Lakini kumwita mtu aliyekwenda kudai kura yake asiye na kazi, hata kwa kejeli, ni kukaribia lugha ya wale waliosema kwamba waandamanaji ni wahuni tu. Uzuri wa rangi unaizidisha hatari hiyo. Zambarau, waridi na kijani vinashuka juu ya watu wanaokimbia gesi, na mtazamaji wa Venice ambaye hajawahi kusikia jina la Kibra anaweza kuondoka akiwa amefurahi.

Watetezi wa Armitage hujibu kwamba uzuri ndio mtego wenyewe: humvuta mtu karibu, kisha akiwa karibu agundue alichokitazama. Hoja hiyo inaithibitika #mydressmychoice. Katika The Promised Land mtego unanasa bila kugundulisha.

6.0 Mwili unaocheza

Ingekuwa dhuluma kumwacha msomaji akidhani kwamba mchoraji huyu anaujua mwili unaoumia tu. Baikoko at the Mouth of the Mwachema River, ya mwaka 2016, ina wachezaji wa baikoko, ngoma ya mauno inayojulikana sana Tanga na ambayo imelaumiwa mara nyingi kwa kukosa adabu. Mto Mwachema unaingia baharini Diani, hatua chache kutoka msikiti wa kale wa Kongo. Kuiweka ngoma ya namna hiyo karibu na msikiti si uchokozi wa mgeni; ndivyo pwani ilivyo, ambamo vitu hivi viwili vimeishi jirani kwa muda mrefu, vikitupiana macho. Mwili hapa umefunuliwa kwa hiari ya mwenyewe, mbele ya wanaostahili kuona. Picha hii na ile ya mwaka uliotangulia zingetundikwa pamoja, maana ya stara ingeeleweka bila maelezo.

7.0 Picha zinakaa wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora kutani mwa kanisa la Kianglikana la Murang'a maisha na kusulubiwa kwa Kristo. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kristo wa Njau ni Mwafrika na milima iliyo nyuma yake ni ya Murang'a. Waliokuja kuutazama mwili huo ulioteswa walikuwa na ndugu zao waliouawa, pengine na majirani waliohusika, na walikaa pamoja kwenye mabenchi. Picha haikuweza kuuzwa, kwa sababu ilikuwa ukuta.

Tofauti na hali ya Armitage ni kubwa. Mwezi Novemba 2019 picha yake The Conservationists, ya mwaka 2015, iliuzwa kwa mnada New York kwa takriban dola milioni 1.5. Si kosa la msanii kwamba soko limempenda, wala fedha hizo za mnada kwa kawaida haziendi kwake. Lakini matokeo yake ni kwamba picha zinazohusu Nairobi, Kampala na Mombasa zimetawanyika katika majumba na makusanyo ya Ulaya na Marekani, na wale ambao miili yao inajadiliwa huziona, kama wanaziona, kwenye kioo cha simu: chombo kilekile kilichoisambaza video ya mwaka 2014.

Mchoraji mwenyewe anaonekana kulijua tatizo. Katika onyesho lake la Royal Academy mwaka 2021 alitenga nafasi kwa kazi za Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu, ili watazamaji wa London wajue kwamba hakutoka hewani. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya kibiashara inayoonesha na kuhifadhi kumbukumbu za sanaa ya eneo hili. Ni juhudi ya kusifiwa. Hata hivyo, juhudi ya mtu mmoja si sera, na mataifa ya Afrika Mashariki yenye wizara za utamaduni hayapaswi kuridhika kwamba msanii mmoja aliyefanikiwa ng'ambo ndiye anayeijengea Nairobi mahali pa kumbukumbu.

Picha moja inaweza kuwa mahali pa kuanzia. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya UVIKO, wafanyakazi waliokuwa wakirudi makwao Kusini mwa Mombasa walikwama kwenye kivuko cha Likoni. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwapiga saa chache kabla ya muda wa amri kufika. Siku chache baadaye rais aliwaomba Wakenya radhi kwa vitendo vya baadhi ya askari. Armitage alilichora tukio hilo mwaka 2022 na kuipa picha jina lenye mahali na tarehe, kama wafanyavyo waandikao jiwe la kaburi: Curfew (Likoni March 27 2020).

Fort Jesus, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, iko kilomita chache tu kutoka kivuko hicho. Mazungumzo ya kuiazima picha kwa miezi michache yangehusu bima, unyevu wa pwani na mfuko wa serikali, na yote hayo yana wataalamu wake. Kilicho ndani ya uwezo wa wanachama wa mkutano huu ni kibao cha maelezo kitakachowekwa ukutani, kwa Kiswahili. Atakayekiandika itambidi achague, katika sentensi ya kwanza, kati ya abiria walipigwa na polisi waliwapiga abiria.